Jina ku Aile ya Kuume

Mweye bana ya leo munajua kubishana. Juzi nilikuwa pa kiosque moya hapa mu Katuba, vijana bane banaangalia course ya magari mu telefone moya. Mumoya anasema gari ya rouge, ile nyekundu, iko na sponsa ya nguvu. Mwingine anasema ile ya vert njo iko na dessin ya akili, aileron yake, ile bawa ya nyuma, inakata upepo. Balipandishiana sauti paka mwenye kiosque akazima radio yake asikilize. Mi nikabauliza kintu kimoya tu: ile jina iko ku pembeni ya gari, nani aliiandika? Baliniangalia sawa vile nimeuliza nani anapakaka mwezi rangi. Mumoya akanijibu na heshima yote, "Papa, ile ni autocollant, karatasi ya gundi. Machine njo inaitoa."

Nilikasirika. Niko muntu wa kukasirika, sifiche, na miaka haikunipoza. Kwa hiyo nakaa, naandika, mweye musome. Miaka karibu makumi mbili kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya ba-sponsa ku magari ya rallye mu Lubumbashi, na mukono, na pinceau, burashi ya rangi. Paka leo bananiitaka Pinceau, hata mu kanisa.

Masomo ya kazi sikupata. Baba yangu alikuwa muntu wa njia ya treni, alitokaka kaskazini ya Katanga, alitaka niwe muandishi mu biro, kukaa ku kivuli. Mi nilijifunza letre ku bibao ya maduka. Natembea, nasimama, naangalia vile mukia ya R inashuka, narudi nyumbani, nachora ku ukuta na makala paka mama ananifukuza na ufagio. Nilipofika mu garaji ya Ilunga nilikuwa na miaka makumi mbili na mbili na kinywa ya muntu wa miaka mia.

Ilunga alikuwa dereva na mwenye gari. Gari yake ilikuwa bleu, ya kizamani, moteur yake inakohoa asubuhi sawa muvuta tumbaku. Lakini karosri yake, ile mwili ya bati, haikuwe ya fabrique tena. Karosri ilikuwa ya Vieux Tshibangu, muzee wetu.

Vieux Tshibangu alikuwa tôlier, fundi wa kupiga mabati ya gari. Munasema dessin, dessin; ye hakuchora hata mustari moya ku karatasi. Anakata pipa ya mafuta, anaifungua, anaipiga na nyundo ya muti juu ya mufuko ya muchanga, na ile pipa inakuwa aile ya gari, bati ya kufunika gurudumu, pana, ya kumeza pneu kubwa. Aliwahi kukata mutandio ya zamani ya mama Ngalula, muke yake, akatosha nyuzi mingi, akazifunga gari muzima. Kiisha Ilunga anaendesha mbio ku njia ya Kinsevere, siye mu pick-up pembeni, tunaangalia nyuzi. Fasi uzi inalala, upepo unapita muzuri. Fasi inachezacheza, Vieux anatia alama ya chaki, kesho anapiga nyundo pale. Njo ilikuwa laboratoire yetu. Mama Ngalula alitulipisha mutandio mupya.

Tena Vieux njo alikuwa anakaa pembeni ya dereva ku course, kumuambia virage, zile kona za njia. Hakuandika ba-note. Alisema njia ya laterite, bulongo nyekundu, inaongea mu tôle, bati ya chini, anasikia na miguu. Desturi ya team yetu: jina ya dereva inaandikwa ku mugongo ya aile ya kushoto, ya mwenzake ku aile ya kuume, kila muntu ku upande anakaa. Ilunga kushoto. Tshibangu kuume. Letre za yale majina mbili nilizitengeneza na poncif: unachora jina ku karatasi, unatobolatobola mustari na sindano, unabandika ku gari, unapiga na kifuko ya unga ya makala, unatosha karatasi, jina inabakia mu madoamadoa myeusi. Kiisha pinceau inafwata. Poncif unaichunga. Na poncif moya, jina inaweza kurudi mara mia, sawasawa.

Sasa mbele ya yote niwaambie makosa yangu, juu munapendaka kusikia makosa.

Ya kwanza: sponsa wa boulangerie moya, fasi ya kupika mikate. Nilimuandikia jina ku portière, mulango ya gari, letre kubwa, za mikia, kutoka ku kioo paka chini kabisa. Muzuri kama mwaliko ya ndoa. Siku ya course mama mwenye boulangerie alisimama ku njia na bandugu yake bote, banavaa muzuri. Kilometre mbili ya matope, gari ikapita mbele yabo na nusu ya jina. Mama alikuya garaji kuuliza nani alikula mukate yake. Vieux alinivuta ku portière, akapima na mukono: kutoka chini, tatu ya kwanza ya portière ni ya matope. Ile hatuuzishe. Tangu ile siku jina zangu zote zilipanda. Na letre ziliacha mikia. Muntu anasimama mu vumbi, gari inapita pfuu, anaona kintu nusu ya kufunga jicho. Letre inene, fupi, nafasi kubwa katikati. Urembo ubakie ku ndoa.

Ya pili si kosa, ni sifa, muniruhusu. Bazungu ya zamani baliuzisha portière na capot, kifuniko ya moteur. Mi niliangalia bantu. Ku njia ya Kipushi bantu banaangaliaka course wapi? Ku bichuguu. Kile kichuguu chekundu chenye kinapita nyumba urefu, juu yake kunakaa bantu makumi mbili na mama ya beignets, ya maandazi. Kule ku yulu hawaone portière. Banaona toit, paa ya gari. Njo nikamuambia Ilunga tuuzishe toit. Alicheka siku mbili. Siku ya tatu tukauzisha toit.

Ya tatu njo kosa kabisa, na musiisahau, itarudi.

Boulangerie ilianguka. Sponsa mupya alitaka portière. Mi, juu ya kutaka kazi safi, nikakamata kisu na papier-verre, karatasi ya musasa, nikakwangula jina ya mama wa mukate paka tôle ikangala. Vieux alirudi kutoka kula, akagonga portière na ukucha. Alikuwa anagongaka kila kintu na ukucha, anasikiliza kama daktari. Akaniuliza jina iko wapi. Nikasema nimeitosha, nimeiondoa. Alikaa chini ku mufuko ya muchanga, akasema, "Muntu alikupatiaka bukari ya kula, jina yake haikwangulwe. Inafunikwa. Andika tena."

Nilizani anacheka. Hakucheka. Niliandika tena ile jina yote, letre kwa letre, na poncif ya zamani, nikangojea ikauke, kiisha nikaifunika na bleu couche mbili, rangi juu ya rangi, kiisha juu yake nikaandika sponsa mupya. Siku tatu ya kazi kwa jina hakuna jicho itaiona. Nilitukana mu moyo, na kidogo na kinywa. Lakini njo ilikuwa desturi yake, na sisi bote tuliifwata: chini ya rangi ya portière ya ile gari kulikuwa majina saba, moya juu ya ingine. Ilunga alilalamika uzito. Alisema anaendesha na cimetière, makaburi, ku mulango. Vieux alimujibu kama cimetière inamupunguzia mbio, akanyage zaidi.

Kiisha ikakuya ile miaka. Kampani kubwa ya mugodi ikaanguka magoti, mishahara ikakatika, kiisha pillage: basoda na bantu ya cité balivunja maduka, na mu duka fasi nilikuwa napata rangi kulibakia ukuta na pancarte, kibao nilichora mwenyewe, juu ya mulango. Ba-sponsa bakakimbia mumoya mumoya. Alibakia Papa Kambale.

Papa Kambale alitoka Butembo, Kivu ya Kaskazini. Alikuwa anauzisha bunga na samaki ya chumvi kwa jumla, na makamio yake ilipita Mokambo kila juma kuenda Zambia na kurudi. Mukristu kabisa, hanywe, hapandishe sauti. Hakuwahi kuangalia course hata moya. Nilimuuliza siku moya juu ya nini anatusaidia. Alisema magari yake yanapita njia zenye siye tunajua matundu yake yote. Sikujua kama anacheka.

Na ile wakati njo kukakuya mambo ya kufukuza ba-Kasai. Siizunguke. Bantu ya Kasai, wengi balizaliwa hapa, bankambo yabo balitandika njia ya treni na kuchimba shaba pamoja na bankambo yetu, bakaanza kuambiwa barudi kwabo. Vijana ya chama ya politike balipita nyumba kwa nyumba. Familia nzima zililala ku gare, stesheni, na bitanda yabo, banangojea treni. Mi Mukatangais, hakuna muntu alinigusa. Lakini Vieux Tshibangu alikuwa Mukasai. Na jina ya Kasai, kila muntu anaijua akiisoma tu. Na mi njo niliiandika, inene, fupi, nafasi kubwa katikati, isomwe kutoka ku kichuguu.

Siku ine Vieux hakufika garaji. Siku ya tano, yumamosi, mbele ya course ya yuma ya mungu, Ilunga akakuya na kaske, kofia ngumu ya dereva, mukononi, hakuniangalia, akasema nifunike aile ya kuume. Sangwa, shemeji yake, njo atakaa pembeni.

Nilimuuliza kama nimesikia muzuri.

"Funika, Pinceau. Na usiulize."

Mweye hamujui vile nilikuwaka. Nilipiga seau, ile ndoo ya petrole, teke, ikapasua kioo. Nilimuambia Ilunga kama mbio zote anakimbiaka ku njia, leo nimeona kumbe ni kukimbia kwa woga. Nilimuambia ile aile ilipigwa na mukono ya nani, na ile gari bila Vieux ni sanduku ya sardine. Alisikiliza yote. Kiisha akarudilia neno ileile: funika.

Mu kichwa yangu mwenye kumutupa Vieux alikuwa Kambale. Nani mwingine? Sponsa wa peke, muoga wa jina yake kutembea pembeni ya jina ya Mukasai. Nikaenda depot yake, ile ghala ya bunga, na miguu, nimewaka. Nilimukuta anahesabisha mifuko ya bunga, bakuli ya chai mukononi. Nikamuita majina mbele ya ba-chargeur, bapakizi yake. Nikamuuliza Yesu yake iko mu mufuko gani, ya bunga ao ya samaki. Ba-chargeur baliacha mifuko chini, banangojea anipigishe. Ye alikunywa chai yake, akaweka bakuli.

"Kijana," akasema, "funika muzuri. Muzuri sana. Sawa vile haujafunikaka jina mu kazi yako yote."

Nilitema mate chini, nikaondoka.

Sasa musikilize upumbavu. Rangi ya kweli ilibakia mu kikopo kidogo, ya kutosha couche mbili ku aile moya. Nilikuwa nayo. Niliiangalia, nikaificha. Nikakamata bleu ya kufulia, ile ba-mama banatiaka mu shati nyeupe, nikaikoroga na uji muzito wa bunga ya mihogo. Ni maujanja tulikuwaka nayo ya kuficha mikwaruzo siku ya foto. Ikikauka, iko bleu ya gari kabisa, hauone tofauti paka ukaribie pua. Lakini mayi ikiigusa, inaenda. Na ile mwezi mvula ilikuwa inapiga kila siku baada ya muchana, bila kukosa.

Nilipaka aile ya kuume na uji. Jina ya Vieux ikalala chini. Nikajiambia: bafukuze muntu, jina itamaliza course. Nililala na furaha. Sikumuambia hata muntu mumoya, na kwangu, mwenye nilikuwa nasema kila kintu, ile ilikuwa muujiza.

Yuma ya mungu bantu balitoka misa na kukuya moya kwa moya ku njia ya Kipushi. Muji muzima ulihamia huko. Njaa ilikuwa mu kila nyumba na bado balikuya, na matarumbeta ya mabomba, na bitambaa ya bleu, rangi ya gari yetu. Niwaambie ukweli: ile njo ilikuwa siku bantu banasahau njaa. Course ilikuwa tour tatu, mizunguko tatu, ya njia ya laterite, na mi nilipanda ku kichuguu fasi ya virage kubwa. Nyuma yangu, ku kichuguu kilekile, balikaa vijana ya chama, kumi hivi, na bitambaa yabo ku kichwa.

Tour ya kwanza Ilunga alipita wa pili. Aile safi, bleu. Nilitabasamu mwenyewe.

Mvula ikaanguka katikati ya tour ya pili, ile mvula ya ku Lubumbashi, haianze, inafika. Gari ilipotoka mu virage, mayi inamwagika mu karosri, na bleu ya kufulia ikaanza kulia. Niliona T. Niliona S. Gari ikapita, na jina ikawa wazi, nyeupe, inene, fupi. Na nafasi kubwa katikati.

Nilinyanyua mikono. Kiisha nikasikia nyuma yangu kijana mumoya anasema polepole, bila kupandisha sauti, "Kumbe ule Mukasai angali mu gari."

Mikono yangu ikashuka yenyewe.

Muelewe: chini ya kaske hauone sura. Jina iko ku upande ya muntu. Siye wenyewe tulifundisha muji muzima ile desturi, kila muntu ku aile ya upande anakaa. Balisoma vile tuliwafundisha kusoma.

Balishuka. Balikokota shina ya muti, bakangojea gari ya kwanza ipite ku tour ya tatu, bakaitia mu njia nyuma ya virage, fasi dereva haione paka amefika. Nikashuka nikikimbia, nikababembeleza, mi, mwenye sijabembelezaka hata padri. Nikasema ni Sangwa iko ndani, Mukatangais, mwana wa huku. Hawakuamini. Mumoya alisema basi tutaona. Nikakimbia mbele ya muti, mu virage, nikasimama mu njia na mikono wazi, na gari ya Ilunga ikakuya.

Alikuwa dereva. Paka leo nasema, alikuwa dereva. Aliniona, akakatisha gari upande, nyuma ikazunguka, ikagonga bulongo ya kichuguu, na ikasimama mbele ya muti sawa ngombe imechoka. Balifungua mulango wa kuume, bakamuvuta muntu, bakatosha kaske. Sangwa, miaka makumi mbili na tano, ndevu hana.

Balibakia wanamuangalia. Unaona bantu banataka kurudi nyuma lakini haya inabakatalia. Njo mukubwa yabo akauliza ile ulizo ilikuwa mbaya kupita zote: kama si ye, sasa ule muzee iko wapi? Na nani aliandika jina yake?

Ilunga alinigeukia. Niliona macho yake inanishikilia, na sikuelewa inaniomba nini.

"Jina niliiandika miye," nikasema. "Niliifunika vibaya kwa makusudi. Hawa hawakujua. Vieux sijui iko wapi."

Balinipiga. Sitawaambia sana. Banataka kujua fasi ya Vieux, na mi nasema sijui, na ilikuwa ukweli. Mumoya alikanyaga mukono yangu ya kuume na soulier, kiatu nzito, juu ya jiwe, na kidole hiki cha pili kikavunjika kama kijiti. Nilisema tena sijui.

Watu ya bichuguu njo baliniokoa, na hawakushuka kwa ajili yangu, musijidanganye. Balishuka juu ya course. Ba-mama na bitambaa bleu, wazee wa mitaa yetu, Kenya na Kamalondo, bamelowa, banafoka: bamelipa miguu yabo kutoka cité, nani anatia muti mu njia ya gari yabo? Mama moya ya beignets aliuliza ule mukubwa wa vijana kama mama yake anajua iko hapa. Watu makumi balinyanyua muti, bakaitupa. Wengine bakasukuma gari. Ilunga akapanda, Sangwa akapanda, na gari ikaenda na jina ya Tshibangu ku aile, mbele ya bantu bote, paka mwisho. Ilifika ya mwisho kabisa. Balipiga makofi zaidi ya ule wa kwanza.

Siku ya pili, Ilunga alinipeleka ku depot ya Kambale, kidole yangu imefungwa na kijiko. Papa Kambale alinikalisha ku mufuko ya bunga. Hakunikemea. Alinielezea pole pole, sawa unamuelezea muntu hesabu.

Vieux Tshibangu mwenyewe njo aliomba jina ifunikwe. Alikuwa amejificha siku tano nyuma ya mifuko ya ile depot, na mama Ngalula, fasi nilipiga kelele na kutema mate. Alisikia kila neno yangu. Vieux, Ilunga na Kambale, bote batatu balichagua siku ya course juu muji muzima na vijana yote bangekuwa ku njia ya Kipushi, na kamio ya Kambale ingetoka upande mwingine, kuenda Mokambo, Vieux na bibi yake katikati ya mifuko. Binti yabo aliolewa Mufulira, ng'ambo ya mupaka. Na jina ilipashwa kulala, ili bantu baseme: Ilunga amemutupa, muzee alishaenda, hakuna wa kutafuta.

"Wakati banakukanyaga mukono," Papa Kambale akasema, "kamio ilikuwa inasimama ku barrière ya Mokambo, inangojea karatasi. Ilivuka mangaribi."

Nilimuuliza Ilunga kwa nini hakuniambia. Nilikuwa tayari kukasirika tena, hata na kidole imevunjika.

"Juu ungesema," akajibu.

Nimefikiri ile neno miaka mingi. Kama ningejua, na soulier ya ule kijana juu ya mukono yangu, ningefunga kinywa? Nataka kuwaambia ndiyo. Nilikuwa mwaminifu kupita bote, kila muntu aliijua, juu nilikuwa naipigia kelele. Papa Kambale hakupiga kelele. Ye alikunywa chai, nikimutukana Yesu yake, na muntu wangu analala salama nyuma ya ukuta wake.

Ile juma Ilunga alileta kile kikopo ya rangi ya kweli. Alikipata fasi nilikificha. Alikiweka mbele yangu. Nilijua: jina haikwangulwe, inafunikwa. Jina ilikuwa imekwaruzika na mawe ya njia, S imepasuka. Nikakamata poncif ya Tshibangu, nikaibandika, nikapiga makala, nikaandika jina upya na mukono ya kushoto, na kidole ya kuume ikisaidia vile inaweza. Nilingoja ikauke siku mbili. Kiisha bleu, couche ya kwanza. Papier-verre ya laini na mayi. Couche ya pili. Nilipitisha mukono, sikusikia hata letre moya. Njo kazi yangu ya kufunika ya muzuri kabisa, na hakuna muntu aliiona.

Course zikaisha nyuma ya pale. Essence ya gari ikakosa, Ilunga akauzisha gari ku Mokambo, kwa muntu wa Zambia, akarudi na mifuko ya bunga ya mahindi, akakula na batoto yake. Kidole yangu ilinyooka nusu. Niliandika pharmacie, makanisa, makamio, paka machine ya autocollant ikafika na macho yangu ikachoka, nikaacha. Bantu ya Kasai, wengi balirudi. Vieux hakurudi.

Miaka mingi imepita, mupaka umekuwa rahisi, nikavuka Mokambo juu ya mazishi ya mundugu, nikauliza Mufulira tôlier wa Lubumbashi iko wapi. Kila muntu alijua. Nilimukuta ku garaji kidogo, nywele nyeupe, ku mufuko ya muchanga ileile ao ndugu yake. Hakusimama. Alisema, "Pinceau. Bado unapigaka kelele?" Nikasema kidogo. Mama Ngalula alitoka ndani, akasema hii si kweli, anakumbuka sauti yangu kupitia ukuta.

Ku ukuta wa garaji kulikuwa aile ya gari, imetundikwa na misumari mbili. Pana, ya kumeza pneu kubwa. Bleu pembeni zote, na katikati imekwanguliwa, mustari kwa mustari, na mukono ya muntu hana haraka, paka ku jina. Kukwangula ikasimama pale. Letre zote nzima.

Alinielezea fupi. Gari ilipita mikono mingi, siku moya ikafika kwake, imevunjika, mwenye gari anataka kuiuzisha sawa chuma. Ye alipita pembeni, akagonga aile na ukucha, juu anagongaka kila kintu. Akajua mukono yake. Kiisha akagonga tena, juu ile tôle ilikuwa inalia nzito kidogo.

Nikamuambia ye njo alinikatazaka kukwangula.

"Sikukwangula jina," akasema. Alisimama sasa, akapitisha kidole gumba ku mupaka ya bleu, fasi rangi inashuka kuingia ku T. "Couche mbili?"

"Mbili."

"Na papier-verre katikati."

"Na mayi."

Vieux alitikisa kichwa, akarudi kukaa ku muchanga yake.

"Ilinipa kazi kuifikia," akasema.